Bruise si mchubuko: namna ya kulielewa, kulitamka na kulitumia neno linalorudisha parachichi shambani

Ukilima, ukichuma au ukifungasha parachichi huku Rungwe, Busokelo, Njombe au Mufindi, kuna neno la Kiingereza utakutana nalo mapema sana: "bruise". Limo kwenye karatasi za mnunuzi, limo kinywani mwa mkaguzi, limo kwenye ujumbe wa WhatsApp unaokueleza kwa nini kreti zako zimerudi. Ukifungua kamusi unaambiwa ni "mchubuko", unafunga kamusi ukiamini umeelewa. Nami niliamini hivyo. Nimekuwa mkalimani kwenye banda la kufungashia kwa misimu kadhaa, na tafsiri hiyo ilinifanya niwapoteze watu walioniamini. Mwongozo huu nimeuandikia wao, na kijana yeyote anayetaka kusimama katikati ya mkulima na mnunuzi bila kumdhuru mmoja wao.

Hatua ya kwanza: weka pembeni neno "mchubuko"

Nianze na siku yenyewe. Mnunuzi alikuja na matunda machache ya mzigo wa nyuma, aliyokuwa ameyaacha yaive. Akalipasua moja kwa kisu. Nje lilikuwa zima, ngozi haina hata mstari. Ndani, upande mmoja, nyama ilikuwa na doa la kahawia lenye ukubwa wa kizibo cha soda. Akasema, "It's bruised." Nikawageukia wakulima nikasema, "Anasema yamechubuka."

Wakaanza kuyazungusha matunda mikononi wakitafuta mchubuko. Mama mmoja aliyekuwa ametoka njia ya Mwakaleli tangu alfajiri aliniinulia la kwake. "Mwanangu, hebu nionyeshe. Nimeyachuma na vikonyo vyake, nimeyabeba kama mayai. Limechubuka wapi?" Sikuwa na jibu. Nilirudia neno lilelile, kwa sauti kubwa zaidi.

Juma lililofuata walileta matunda yaliyofungwa kwa majani ya migomba, moja moja, yasikwaruzane. Kazi ya usiku mzima. Lakini kwenye kirikuu, yaani kigari kidogo cha mizigo, yalikuwa yamerushwa kama kawaida, kutoka chini mpaka juu ya mzigo, na barabara ni ile tunayoijua. Yakakataliwa tena. Waliilinda ngozi kwa sababu mimi niliwaambia tatizo ni ngozi.

Aliyenipa neno sahihi ni yule mama. Siku ya tatu nilimwonyesha tunda lililopasuliwa, nikajaribu kueleza kwa maneno mengi kwamba limegongwa, nje halionekani, ndani pameharibika. Akaliangalia, akamwita mwanawe aliyekuwa amekaa juu ya kreti, akampandisha suruali mpaka gotini. Chini ya goti, pale alipopigwa kiatu kwenye mpira, palikuwa na weusi uliotuna kidogo, ngozi nzima. Akabonyeza kwa kidole gumba, mtoto akaruka. "Kama hivi? Damu imevilia?" Nikasema ndiyo, mama, kama hivyo hasa. Akawageukia wenzake: "Kumbe yamevilia!" Banda zima likaelewa, na mazungumzo yakahama kutoka kwenye ngozi kwenda kwenye namna ya kupakia.

Kwa hiyo maana ya "bruise" ishike hivi: kitu kimegongwa, kimedondoka au kimebanwa, ngozi ya juu haikufunguka, lakini chini yake pamepondeka. Kwa mtu, mishipa midogo ya damu imepasuka na damu imevilia chini ya ngozi. Kwa tunda, chembe za nyama zimepasuka, vilivyomo vikachanganyika na hewa, pakageuka kahawia, kama parachichi lililokatwa na kuachwa mezani. Kiswahili tunalo jina la jambo hili kwa mtu: vilio, au damu kuvilia. Mchubuko ni kitu kingine. Ukichubuka, ngozi ya juu imetoka. Mwenye mchubuko utaukuta kwa jicho, mwenye vilio mara nyingine mpaka umguse.

Mazoea ya "mchubuko" nadhani yametujia pia kanisani. Isaya 53:5 tunasoma "alichubuliwa kwa maovu yetu", na tafsiri ya kale ya Kiingereza, ile ya 1611, pale pale imeweka "bruised". Lakini fungua Mathayo 12:20: "Mwanzi uliopondeka hatauvunja." Hapo napo Kiingereza hicho cha kale kimeweka "bruised", na mfasiri wetu akachagua kupondeka. Mwanzi umebonyea, nyuzi za ndani zimelegea, lakini haujakatika. Kwa tunda, hiyo ndiyo picha ninayoipenda kuliko zote.

Hatua ya pili: litamke

Maandishi ya neno hili yanadanganya. Lina herufi sita na sauti nne tu: b, r, uu, z. Herufi "i" haisemwi, na "e" ya mwisho haisemwi. Tabia hiyo ya "ui" Waingereza waliipata kwenye Kifaransa cha zamani, neno lao la kale la kuponda lilipochanganyika na neno la Kifaransa la kuvunja.

Njia ninayoitumia kufundisha ni gari. Kila mtu Mbeya anaijua Land Cruiser, na hakuna anayeiita "kruiza". Tunasema "kruza". Sasa fanya hivi, kwa sauti:

1. Sema "kruza".
2. Kata "a" ya mwisho, uvute "u" kidogo: "kruuz".
3. Ondoa "k", weka "b": "bruuz".

Umefika. Kinachobaki ni kusafisha makosa matatu yetu.

Kosa la kwanza ni kuingiza irabu kati ya "b" na "r". Tukisema haraka inatoka "buruuz". Anza na neno unalolimudu, "breki", ushike ule mwanzo wake, kisha uingie kwenye "uu" kama ya "juu".

Kosa la pili ni kuongeza irabu mwishoni: "bruuzi". Kiswahili hakipendi neno liishie kwenye konsonanti, nasi tumelelewa hivyo, ndiyo maana ulimi unatafuta pa kutua. Weka vidole kooni, sema "zzzz" kama nyuki, halafu nyamaza bila kufungua mdomo zaidi. Ule mtetemo unaousikia kwenye vidole ndio mwisho wa neno. Usipousikia, umesema "bruus", na hiyo "s" inakufanya usieleweke haraka.

Kosa la tatu ni letu zaidi sisi tuliokulia kwenye Kinyakyusa, ambako "l" ndiyo iliyozoeleka. Wazee wetu wengi wakiitaja Rungwe utasikia Lungwe, nami nampenda mzee anayesema hivyo. Lakini kwa neno hili "l" inabadilisha maana: "bluuz" ni "blues", aina ya muziki iliyozaliwa kwa Wamarekani weusi, na pia ni huzuni. Kaa na jozi hii asubuhi mbili tatu: bruuz, bluuz, bruuz, bluuz. Kwenye "l" ncha ya ulimi inagusa nyuma ya meno ya juu na kubaki pale. Kwenye "r" ya Kiingereza ulimi unajikunja kidogo na haugusi kitu. Ukiitamka "r" ya Kiswahili, inayogonga mara moja, bado utaeleweka vizuri. Usijitese.

Kuna neno jingine linalotamkwa sawasawa kabisa na hili: "brews", yaani anapika chai au pombe. Kwenye nchi ya chai kama Tukuyu na Katumba utalisikia. "She brews tea" haina uhusiano na kuvilia. Hapo huna la kufanya kwenye ulimi, sikiliza maneno ya jirani.

Hatua ya tatu: yajue maumbo yake

"Bruise" ni jina na ni kitenzi. Hapa pana jambo la sarufi linalotusumbua kuliko matamshi. Sisi tunatenganisha anayetenda na kinachotendeka: kuponda na kupondeka, kuchubua na kuchubuka. Kiingereza kinatumia kitenzi kilekile kwa pande zote mbili. "You bruised the fruit" ni wewe umeliponda tunda. "The fruit bruises easily" ni tunda hupondeka upesi. Ukitafsiri, tafuta kwanza nani anafanya na nani anafanyiwa, kisha uchague kitenzi chako cha Kiswahili. Mnunuzi akisema "Hass bruises easily" (Hass ni aina ya parachichi), hakuna aliyelaumiwa hapo, anasimulia tabia ya tunda. Nimeona watu wakijitetea kwa sentensi ambayo haikuwashtaki.

Wingi wake, "bruises", una silabi mbili: "bruuziz". Lakini "bruised" ina silabi moja tu, "bruuzd". Ile "e" ya "-ed" haisemwi. Tukisema "bruuzedi" tunaonekana tumesoma kitabuni bila kusikia. "Bruising" ni "bruuzing", na ndiyo hutumika ukizungumzia hali kwa jumla bila kuhesabu madoa.

Sasa makosa ninayoyakuta kwenye ripoti za vijana wetu, nikiyapanga kama ninavyoyasahihisha kwa kalamu:

"The avocado is bruise." Sema "is bruised".
"It has bruise." Sema "It has a bruise", likiwa doa moja.
"It is having bruises." Sema "It has bruises".
"There is much bruise." Sema "There is a lot of bruising".

Angalia pia neno dogo linalotangulia mahali. Kwetu "-ni" inabeba yote: mkononi, tundani. Kwa mwili wanasema "on": "a bruise on my arm". Kwa parachichi, doa likiwa ndani, sema "in the flesh", yaani kwenye nyama ya tunda, au "under the skin". Tofauti hiyo ya "on" na "in" inamwambia mnunuzi aliye mbali kama umelipasua tunda au umelitazama kwa nje tu.

Hatua ya nne: litumie kwa mtu

Ukienda zahanati na mgeni, au ukijaza fomu ya Kiingereza, sentensi mbili zinatosha kwa mengi. "I bruised my knee" ni nimejigonga goti na damu imevilia. "I bruise easily" ni mimi huvilia damu kwa jambo dogo, na daktari akiisikia hii atauliza maswali zaidi, kwa hiyo usiiseme ovyo. Madoa yakitokea bila kugongwa popote, sema "bruises for no reason", na uende mapema.

Vitabu vya Kiingereza vinasema vilio ni bluu na zambarau, kisha kijani, kisha njano. Hizo ni rangi kwenye ngozi nyeupe. Kwenye ngozi yetu mara nyingi utaona weusi au kahawia iliyokolea kuliko ngozi ya jirani, na wakati mwingine utagundua kwa maumivu na uvimbe kabla ya rangi. Ukimtafsiria mgonjwa, usimuulize "pamekuwa bluu?" Muulize "panauma ukigusa? Pamekuwa peusi zaidi?"

Vilio la kuzunguka jicho lina jina lake, "a black eye". Na mtu aliyepigwa mwili mzima wanasema yuko "black and blue", hata kama rangi ya bluu haionekani. Jifunze hiyo kwa ajili ya kuielewa. Kuisema ni baadaye.

Hatua ya tano: litumie kwa tunda, na hapa usiharakishe

Parachichi haliivi mtini. Linachumwa gumu, likiwa limekomaa, na linalainika siku kadhaa baada ya kuchumwa. Hass tunazozipeleka nje husafiri kwenye kontena la baridi, baharini wiki kadhaa. Ndiyo maana neno hili linauma: pigo la leo asubuhi mtini linaweza lisionekane na mtu yeyote hapa, likaonekana mezani Ulaya. Mkulima anasema kweli akikuambia lilikuwa zima, kwa kuwa yeye aliona la nje, na mkaguzi naye amesema la ndani. Mkalimani akilitafsiri neno vibaya, watu wawili wakweli wanaondoka wakiitana waongo.

Kwa hiyo unapotafsiri "bruised" kwa mkulima, sema maneno matatu pamoja: "yamegongwa, yamevilia ndani". Ukiacha "ndani", atatazama ngozi. Kisha ongeza sababu kama mnunuzi ameitaja. "Drop bruising" ni la kudondoshwa. "Pressure" likitajwa ni la kubanwa, mara nyingi kreti zikijazwa kupita ukingo na nyingine ikakalishwa juu. "Bruised in transit" ni njiani, na hapo mwenye gari naye aitwe asikie.

Ukitafsiri upande wa pili, kutoka kwa mkulima kwenda kwa mnunuzi, kuwa mwangalifu zaidi. Mkulima atakuambia "yamepata alama". Alama gani? Kila kasoro ina jina lake, na majina hayo yana bei tofauti. Mkwaruzo wa tawi lililosuguana na tunda kwa upepo ni "scratch" au "rub mark", na uko kwenye ngozi tu. Tunda lililochubuka ngozi ni "skin damage". Lililobabuka kwa jua ni "sunburn". Lililopigwa na mvua ya mawe ni "hail damage". Lililooza ni "rotten", na lililoiva kupita kiasi ni "overripe". Ukiyaita yote "bruised" kwa sababu ndilo neno unalolijua, umemshushia mkulima daraja la tunda ambalo nyama yake ni nzima kabisa. Nimeona mkwaruzo wa upepo ukiandikwa "bruise" kwenye karatasi ya mapokezi, na mtu akapoteza fedha ya ada ya shule kwa kalamu ya mwenzake. Kama huna hakika, omba kisu, lipasue tunda moja, uangalie.

Na gari au kreti iliyobonyea haiitwi "bruised". Chuma kikibonyea ni "dented". "Bruise" inataka mwili au mmea: mtu, mnyama, tunda, jani.

Sentensi tatu za kuandika ubaoni bandani, Kiingereza na maana yake:

"Do not drop the fruit. It bruises inside." Usilidondoshe tunda. Huvilia ndani.
"Place, don't throw." Weka, usirushe.
"We found bruising in two fruits out of twenty." Tumekuta kuvilia kwenye matunda mawili kati ya ishirini.

Hiyo ya tatu ndiyo inayoheshimiwa kuliko zote, kwa kuwa ina hesabu. "Many are bruised" haimsaidii mtu.

Ndizi zetu zinazopanda magari kwenda Mwanjelwa na Dar es Salaam zinatumia neno hilohilo, na viazi pia. Sina la kuongeza hapo.

Hatua ya sita: kulikuta jikoni na moyoni

Kwenye mapishi ya Kiingereza utakutana na "bruise the lemongrass". Usishtuke. Mchaichai hapa unapondwa kwa makusudi: ulaze kwenye kibao, uugonge na mchi mara mbili tatu mpaka harufu itoke, bila kuusaga. Pigo linapasua ndani na kuachia mafuta yenye harufu. Maana ni ileile, isipokuwa safari hii ndicho unachokitaka. Hata jani la chai, ili liwe chai nyeusi, lazima lipondwe hivyo kiwandani hewa ilifikie na libadilike rangi.

Kwa moyo wanasema "bruised feelings", na kwa mechi iliyowachosha na kuwaumiza wachezaji, "a bruising match". Ukishaijua maana ya kwanza, hizi zinajieleza.

Hatua ya mwisho: jipime

Funika majibu kwa mkono, tafsiri kwa sauti, tena ukiwa umesimama, kwa sababu bandani hutakaa.

Damu imevilia kwenye goti lake. "He has a bruise on his knee."
Parachichi hizi zimevilia chini ya ngozi. "These avocados are bruised under the skin."
Goti lake limechubuka. Hapa usiseme "bruised". Sema "He grazed his knee", kwani ngozi imetoka.
Tunda lina mkwaruzo wa upepo, ndani ni zima. "The fruit has a wind scratch. The flesh is fine."
Tulizishusha kreti polepole, hakuna lililovilia. "We unloaded the crates slowly. Nothing is bruised."

Sentensi ya mwisho niliisema mwenyewe kwa mnunuzi msimu uliofuata, yule mama akiwa amesimama kando yangu. Kreti zake zilikuwa zimetandikwa nyasi kavu, na mwanawe alikuwa amepanda juu ya kirikuu kuzipokea moja moja kwa mikono miwili. Mnunuzi alipasua matunda matano. Mama hakutazama ngozi safari hii. Alisubiri kisu.